Shabiki, Mhakiki na Neno la Mwenzake

Kilimatinde ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, uliokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Misafara iliyotoka Pwani kwenda Tabora ilipita huko, na Wajerumani wakaweka boma lao. Kiswahili, basi, kilifika Kilimatinde kwa miguu, kabla ya reli.

Nilipopita huko niliketi nje ya kibanda ambamo vijana hulipa sarafu chache wakacheza gemu za mpira. Kijana mmoja alisema kuwa gemu mpya imeharibika: wachezaji wake hukimbia kama vikaragosi, na ile ya zamani ilikuwa bora. Hakuachwa amalize. Wa kwanza alimwita msaliti, wa pili akamwambia akacheze bao na wazee, wa tatu akamtajia mamake. Naye, alipoona hasikilizwi, aliacha kuizungumzia gemu akaanza kuwatukana wanaoicheza. Tangu hapo hapakuwa na tofauti baina ya mtetezi na mkosoaji.

Lalamiko la kijana yule halikuwa jipya. Mwishoni mwa Septemba 2021 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa eFootball mahali pa Pro Evolution Soccer, gemu iliyopendwa kwa miaka mingi. Sura za wachezaji zilikuwa zimepotoka, na mwendo wao pia. Dhihaka zilimiminika ulimwenguni kote, na katika siku chache kampuni iliomba radhi na kuahidi kurekebisha. Lakini linaloweza kurekebishwa ni lile lililotajwa: sura hii, mwendo huu, mpira huu. Tusi halina pa kushikwa.

Wapenzi wa ushairi tusiwacheke vijana hawa, maana kibanda chetu tunakijua. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipofuata na Malenga wa Bara mwaka 1976, wengi wetu hatukuuliza tungo zile zinasema nini. Tuliuliza watungaji wametoka wapi. Wakaitwa waigaji wa Wazungu, watu wa bara wasiojua kunga. Upande wa pili nao haukuwa na subira: vina na mizani vikaitwa minyororo, na urithi wa karne nyingi ukatupwa kwa sentensi moja kuwa ni mali ya Waarabu. Ibrahim Noor Shariff alipoandika Tungo Zetu, iliyotoka mwaka 1988, alilazimika kuutetea urithi ambao baadhi ya waliouhukumu hawakuwa wameusoma.

Nami sijitoi. Kichomi niliikataa kabla ya kuifungua, nikaisema vibaya barazani kwa miaka. Nilipoisoma, mtungaji wake alikuwa amekwisha kufariki, Januari 2020. Nilikuta humo tungo ambamo picha moja hubeba mzigo ambao kwetu hubebwa na kina. Nikakuta na nyingine ambazo, kwa maoni yangu, ni nathari iliyokatwakatwa. Hukumu yangu haikugeuka yote. Kilichogeuka ni kwamba sasa naweza kuonyesha mshororo ninaoulalamikia, na mwenye kunipinga ana pa kunishika.

Aliyezaliwa katika nchi ya Wagogo ni Mathias Mnyampala (1917–1969). Pwani ilimpokea, kwa kuwa vina vyake vilitimia. Hata hivyo yeye pia alileta jambo jipya, nalo ni ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970 akiwa amekwisha kufariki. Wampendao husifu tu; wasiompenda humtupa pamoja na siasa za Azimio la Arusha. Ila ziko kasoro za kutajwa kwa heshima. Aghalabu katika ngonjera mjinga huuliza, mjuzi hujibu, na mwisho mjinga husalimu amri. Mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza, na hoja za anayeshindwa zimedhoofishwa na mtungaji mwenyewe. Hapo sanaa ya majibizano hugeuka mahubiri ya sauti mbili. Na huo hasa ndio ugomvi wa mashabiki, wa gemu au wa mashairi: kila upande unatunga ngonjera yake, na mjinga ni yule wa upande wa pili.

Sisi tunayo desturi ya zamani zaidi, nayo haikuwa ya upole. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana maneno makali miji yao ilipokuwa katika uhasama. Lakini desturi ya kujibizana ilimtaka anayejibu alishike neno la mwenzake, alirejeshe kwa bahari ile ile, na mara nyingi kwa vina vile vile. Hata aliyekusudia kuumiza ilimbidi kwanza asikilize hadi mwisho wa ubeti, kwani bila ya hivyo watu wangemcheka kuwa hajui kujibu.

Kijana wa Kilimatinde nilimkuta kesho yake kibandani, akicheza gemu ile ile aliyoikosoa. Nilipomuuliza sababu, alisema ameizoea tangu utotoni na hataki iharibike. Sidhani kuwa pana uaminifu ulio bora kuliko huo, na walimwita msaliti.

Kurasa hizi hupokea tungo kutoka bara, nyingine hazina vina. Wasomaji wenye kuzikataa wana haki hiyo. Ninaloomba ni kwamba mwenye kukataa autaje kwanza mshororo, aueleze kama alivyouelewa, kisha aseme kasoro yake. Na mwenye kutetea afanye vivyo hivyo, asianze kwa kutaja kabila la mtungaji wala umri wa mhakiki.