Bibi wa pili mbele ya kanisa na mbele ya komini

Ukitaka kujua ugomvi wa dini juu ya ndoa ya wanawake wengi unaishia wapi, usiende kanisani, nenda kwenye kilio. Bwana amekufa. Wanawake wawili wamekuja kulia, kila mumoja na watoto wake. Jamaa ya bwana inauliza: "Ni nani ameandikwa ku komini?" Hapo mahubiri yanakwisha, sheria inaanza.

Hapa Lubumbashi kila upande uko na maneno yake. Wakatoliki, Wametodisti na Wakimbangu wanafundisha bibi mumoja. Wanashika barua ya Paulo kwa Timoteo, na ile ya Waroma yenye kuagiza kutii wakubwa wa serikali. Wapostolo wa John Maranke, ambao kanisa lao lilianza Rodezia ya Kusini katika 1932 na kuingia Kongo katika miaka ya 1950, wanakubali mwanaume aoe zaidi ya mumoja. Wanatuonyesha Abrahamu na Yakobo. Waislamu wanaruhusu mpaka wanne, kwa sharti ya haki. Wengine wanasema tu: ni desturi ya bankambo.

Mimi naona kila upande unasahau kitu.

Wenye kusema "tutii sheria ya Leta" wanasahau ilitoka wapi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka kambini mufanyakazi, bibi yake mumoja na watoto wao, juu jamaa ya namna hiyo ilituliza mufanyakazi kwenye kazi. Kisha dekreti ya Wabeleji ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1951. Sheria ya jamaa ya 1987, hata kisha kubadilishwa katika 2016, inafuata njia ile ile. Sheria inaweza kuwa nzuri hata kama muzungu aliianzisha, lakini tusiseme ilishuka toka mbinguni.

Wenye kutaja bankambo nao wanasahau. Kule kijijini kila bibi alikuwa na shamba lake na ghala lake, na mali ilitolewa mbele ya wazee wa jamaa zote mbili. Hapa Katuba ao Kenya, mara nyingi bibi wa pili anapanga chumba, na hakuna muzee hata mumoja aliyepokea kitu. Hiyo si desturi ya bankambo. Ni "biro ya pili" iliyovalishwa nguo za bankambo.

Sasa turudi kwenye kilio chetu. Mbele ya sheria bibi wa pili hana ndoa, kwa hiyo hana sehemu ya mujane katika urizi. Lakini watoto wake wako katika kundi la kwanza la warizi, pamoja na wale waliozaliwa ndani ya ndoa, ikiwa baba aliwatambua kisheria akiwa muzima. Akiwa muzima! Kisha kifo, kulia hakusaidie tena.

Hapo ndipo utii kwa sheria unapimwa. Muzee wa Wapostolo anayebariki ndoa ya pili bila kuuliza kama watoto watatambuliwa, anamutupa mwanamuke yule njiani. Muchungaji anayemukatalia ushirika, na huku bwana anaendelea kukaa kwenye kiti cha mbele, anafanya vilevile. Hata kanuni ya 1148 ya Kanisa Katoliki, ya mwaka 1983, ambayo inaomba mwenye wake wengi anayebatizwa abaki na mumoja, inamupa askofu kazi ya kuangalia kama wale walioachwa wanapata mahitaji yao. Nusu hiyo ya kanuni, tunaisikia mara ngapi kwenye mahubiri?

Juu ya Abrahamu tutaendelea kubishana, na si vibaya. Lakini padri, muchungaji, muzee wa Wapostolo na imamu wanaweza kupatana leo juu ya ulizo moja kwa kila baba: watoto wako wote, umewatambua ku komini?