Antena Mgongoni mwa Ndege

Fundi hodari wa ndege ndogo, akipewa kazi ya kufunga antena ya mtambo wa kuita waokoaji, kwanza huiwazia ndege mabaya. Huiona imelala chali porini, mkia umekatika, kisha hujiuliza: hapo mtambo na antena yake vitabaki kipande kimoja? Kwa kawaida jibu humpeleka nyuma, mgongoni, mbele kidogo ya mkia uliosimama, kwa sababu injini iliyo mbele ndiyo hupokea pigo la kwanza.

Mtambo hufungwa ndani, antena nje, na uhai wa abiria hutegemea waya unaoviunganisha. Tarehe 9 Agosti 2010, ndege iliyombeba Ted Stevens, seneta wa zamani wa Alaska, iligonga mlima. Mtambo ulichomoka kwenye kishikio chake, ukaachana na antena. Hakuna ishara iliyopokelewa, ilhali watu wanne kati ya tisa walikuwa hai. Basi fundi huufanya waya mfupi, huuachia ulegevu kidogo, wala haupitishi penye maungio yanayoweza kuachana. Kishikio nacho hukivuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, upande kinakonepa zaidi. Kikisogea kupita milimita 2.5, anaongeza bati la kuimarisha.

Halafu kuna jambo lisiloonekana. Kwenye masafa ya megahezi 406, yanayosikilizwa na setilaiti, robo ya wimbi ni sentimita 18 tu, lakini antena ya kijiti kifupi hivyo haifanyi kazi vizuri pasipo metali chini yake, mfano wa taa isiyo na kioo nyuma. Ndege ya alumini ina ngozi ya metali tayari. Ya kitambaa, kama Super Cub za Alaska, haina. Fundi hutandaza vipande vya alumini chini ya kitambaa, vikianzia kwenye kitako cha antena kuelekea pande zote. Kazi hiyo ikiisha haionekani, nami naiheshimu kuliko rangi yoyote ya kung'aa.

Wapo wanaoilaza antena ndani ya bodi ili ndege ipendeze. Urembo ghali huo! Isimame wima, nje, mbali na antena za redio.

Majaribio ya mtambo nchini Marekani hufanywa ndani ya dakika tano za mwanzo wa saa: redio ya ndege huwekwa kwenye megahezi 121.5 ili kuusikiliza, milio isiyozidi mitatu, kisha swichi inarudishwa mahali pake.