Sadaka Isiyoelea

Mwezi unapopevuka katika mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya kale ya Thailand, mara nyingi Novemba, mito ikiwa imefura kwa mvua, watu hushuka ukingoni na kuachilia juu ya maji vyombo vidogo viitwavyo krathong. Kitako chake ni kipande cha mgomba kilichokatwa mviringo. Hicho huzungushiwa majani ya mgomba yaliyokunjwa kunjo baada ya kunjo mpaka yakafanana na petali za yungiyungi, kisha huwekwa maua, udi na mshumaa unaowaka. Ni shukrani kwa Phra Mae Khongkha, Mama wa Maji, na ni kumwomba radhi pia, kwa kuwa maji hayo yalinywewa na kuchafuliwa mwaka mzima. Naipenda sherehe hii kwa sababu moja hasa: inakubali kwamba mtu ana deni kwa mto, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kazi ya mikono iliyofanywa vizuri. Nikilichukua hilo kuwa kipimo, basi Mbumbuni na vijiji vingine vya Makueni na Kitui, huko Ukambani nchini Kenya, vina ufundi wa kusimama bega kwa bega na wa wakunjaji wa majani, nao ni ujenzi wa mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kutunza maji.

Ukambani sadaka ya kuelea haina pa kuelea. Mito mingi hutiririka wiki chache tu, hasa katika mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha hubaki njia pana ya mchanga inayometameta juani. Wazee walijua hivyo, na ombi la mvua walilipeleka kwenye ithembo, mahali pa ibada chini ya mti mkubwa, wakamimina pombe na kuweka chakula ardhini. Mtoni penyewe maji hujificha chini ya mchanga, na fundi wa bwawa hufanya kazi na siri hiyo. Kwanza hutafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, kwa maana ukuta usiokalia mwamba maji yatapenya chini yake na jasho lote litapotea. Mabawa ya ukuta lazima yazame ndani ya kingo, la sivyo mto utaupita ubavuni na kujichimbia njia mpya. Ukuta ukipandishwa juu mno kwa pupa mahali pasipofaa, maji hutulia, tope laini linatuama, na bwawa linajaa udongo usiotoa maji. Ukipandishwa kwa kiasi, mafuriko hubeba tope na kulivusha juu ya ukuta, na kuacha mchanga wa chembe kubwa, ambao huweza kuhifadhi maji kufikia robo ya ujazo wake au zaidi, mbali na jua na mbali na mbu. Mkono unaojua tofauti ya tope na mchanga kwa kuusugua kiganjani ni mkono wa fundi, hata kama haujawahi kushika kalamu ya uhandisi.

Atasema mtu: huo ni ukuta wa saruji na nondo, ibada imeingiaje? Imeingia kupitia mwethya, ushirika wa kazi ambamo jirani humsaidia jirani bila mshahara. Mawe hukusanywa, karai hupokezanwa, maji ya kuchanganyia saruji huletwa kwa punda au mgongoni, na sehemu kubwa ya mzigo huo wameubeba wanawake. Atakayechota bwawani humo atakuwa pia yule ambaye hakubeba jiwe hata moja; ndiyo maana naiita kazi hiyo sadaka. Kundi la Utooni, lililoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, lilikua kutokana na desturi hiyo, na Kitui nako mamia ya mabwawa yamejengwa tangu miaka ya 1990. Pingamizi zito zaidi ni la walio mkondo wa chini: je, hawanyang'anywi maji? Ukuta ulio mfupi hujaa upesi, na sehemu kubwa ya mafuriko huendelea na safari yake. Hata hivyo hofu hiyo ni ya haki, na fundi mzuri huipima kabla ya kuchimba msingi.

Hatari kubwa naiona kwingine. Mchanga ule ule unaotunza maji unatakiwa na majengo ya mijini, na malori yamekwangua mito mpaka mwamba ukawa wazi. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kila bwawa la huko linaishi au kufa kwa jinsi sheria hiyo inavyosimamiwa. Thailand nayo ilipata somo lake pale vyombo vya plastiki nyepesi vilipoanza kuziba mifereji. Mwaka 2023 wafanyakazi wa jiji la Bangkok waliopoa krathong zaidi ya 600,000, karibu zote zikiwa za vitu vinavyooza. Sadaka ya Mbumbuni haiopolewi. Mvua ya Novemba ikipita juu yake huuongeza mchanga, na Septemba, mashamba yakiwa yamekauka, mwanamke hupiga magoti nyuma ya ukuta, huchimba kwa kata hatua chache kutoka kwenye mawe, na kungoja kidogo shimo lijae.