Kitenzi Kilichogeuzwa Nomino: Amiri Baraka na Historia ya Jazi

Amiri Baraka (1934–2014) hutajwa zaidi kama mshairi na mwandishi wa tamthilia, huku mchango wake katika historia na uandishi wa habari za jazi ukipewa nafasi finyu. Alizaliwa Newark, New Jersey, na vitabu vyake vya awali vilitoka kwa jina la LeRoi Jones. Jina la baadaye, lenye umbo la Kiswahili, alilitwaa mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa chini ya athari ya Maulana Karenga.

Katika *Blues People* (1963), Baraka anashikilia kwamba safari ya Mwamerika Mweusi kutoka utumwani hadi uraia inaweza kusomwa katika muziki wake. Hoja hii inajitokeza bayana katika sura inayohusu swingi: neno lililokuwa kitenzi, yaani tendo la wanamuziki, liligeuzwa nomino, yaani bidhaa ya kuuzwa. Katika makala aliyoichapisha mwaka huohuo katika jarida la *Down Beat*, aliwalaumu wahakiki Wazungu kwa kuchambua noti huku wakipuuza falsafa iliyoizaa.

Hata hivyo, Ralph Ellison aliipinga *Blues People* mwaka 1964, akidai kuwa inaugeuza bluzi kuwa ushahidi wa kisosholojia na kuisahau sanaa yenyewe. Pingamizi hili lina uzito. Aghalabu Baraka mwanahistoria huyazungumzia matabaka ya watu kana kwamba kila tabaka lina sikio moja.

Jibu bora kwa Ellison limo katika *Black Music* (1967), mkusanyiko wa makala za Baraka mwanahabari. Humo anamsikiliza Thelonious Monk au John Coltrane kwa karibu, na nadharia inalazimika kuufuata mlio. Kwa hiyo, mwanahabari anamsahihisha mwanahistoria.

Suala hili linauhusu pia uhakiki wa Kiswahili. Wimbo wa taarabu unapochapishwa na kuchambuliwa kwa vina na mizani tu, sauti, ala na hadhira iliyotunza huachwa nje. Hapo nao hugeuzwa nomino. Hali kadhalika, anayeusoma kama waraka wa historia tu hajausikia. Funzo la Baraka ni kwamba fani na jamii hukutana katika tendo la uimbaji, na ni hapo uhakiki unapopaswa kuanzia.