Kila Mali na Fungu Lake

Barabara ya Taifa Namba 4 ya Burundi hutoka Bujumbura, huikata Gatumba, kisha huenda kugonga mpaka wa Kongo kuelekea Uvira. Wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi, wote hupitia humo. Hata hivyo, mhasibu anayeijua kazi yake hataiandika katika daftari la mali za tarafa, yaani serikali ya mtaa ya huko. Kuipita kila siku si kuimiliki: serikali kuu ndiyo inayoamua ijengwe lini na ikarabatiwe vipi. Lakini njia ya changarawe inayochepuka hapo kwenda sokoni, ikiwa imejengwa na inatunzwa na tarafa, itaingia daftarini. Ni hatua mbili tu kutoka ukingo wa lami, na mali imeshapata mwenyewe mwingine.

Kupanga mali za kudumu za serikali ya mtaa katika mafungu ni kazi isiyopigiwa makofi. Anayeitazama kwa mbali huona jedwali tu: ardhi, majengo, miundombinu, magari, mitambo, samani. Kumbe kila mstari umetanguliwa na hukumu. Nani anakidhibiti kitu hiki? Kinafanya kazi gani? Kitatoa huduma kwa zaidi ya mwaka mmoja? Gharama yake yaweza kupimwa kwa namna ya kuaminika? Mchuuzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika hachanganyi ndagala na mukeke kwa sababu tu wote wametoka majini. Huwatenga kwa jinsi watakavyohifadhiwa na watakavyouzwa. Mhasibu hodari naye hadanganywi na umbo.

Chukua mabomba ya maji. Yaliyofukiwa ardhini yakipeleka maji kwa wananchi ni miundombinu. Yaliyomo stoo yakingoja kukatwa vipande vya kuzibia mivujo ni akiba ya vifaa. Bomba ni lile lile, fungu si lile lile. Jembe laweza kudumu miaka, lakini bei yake ni ndogo mno kuhesabiwa uchakavu. Huandikwa kama matumizi, kisha hubaki kwenye orodha ya stoo lisije likapata miguu. Vibanda vya soko vikijengwa ili wachuuzi wapate mahali pa kuuzia, ushuru ukiwa jambo la kando, ni majengo ya huduma. Maduka yaliyojengwa kwa shabaha ya kukusanya kodi ya pango ni habari nyingine: viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, ambavyo Tanzania inavitumia hadi kwenye halmashauri zake, huyaweka katika fungu la majengo ya uwekezaji.

Ufundi huu hupendeza zaidi pale mhasibu anapokataa kukihesabu kitu kizima kuwa kitu kimoja. Jengo la shule likinunuliwa pamoja na kiwanja chake, bei hiyo moja ataigawa: ardhi peke yake, jengo peke yake, kwa kuwa jengo huchakaa na ardhi, kwa kawaida, haichakai. Kisha atalikagua jengo lenyewe. Kuta za matofali zitayazika mabati ya kwanza, pengine na ya pili. Kisima kitaishi kuliko pampu yake. Njia ya changarawe ina tuta, tabaka la juu na makalavati, na kila kimoja kina umri wake. Kupaka rangi ni matengenezo, gharama ya mwaka huo. Kuongeza chumba cha darasa ni kuongeza mali. Darasa ambalo halijaezekwa hukaa katika fungu la kazi zinazoendelea, na uchakavu wake hauanzi kuhesabiwa mpaka liwe tayari kutumika.

Gatumba huujaribu ufundi huo bila huruma. Mji umekaa kwenye tambarare ya chini ya mto Rusizi, karibu na pale mto huo unapoingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2020 Rusizi ulifurika na kuwahamisha maelfu ya watu. Maji yalirudi katika miaka iliyofuata, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika makazi ya pwani. Hapo inabidi kutenganisha mambo mawili yanayofanana machoni. Uchakavu ni kupungua kulikotarajiwa, kunakogawiwa miaka kwa mpango. Mafuriko ni pigo, na IPSAS 21 hutaka pigo lipimwe peke yake. Shule iliyofungwa kwa sababu ya maji haiachi kuchakaa eti kwa kuwa haina wanafunzi. Iliyogeuzwa ghala imebadili kazi, na thamani yake lazima iangaliwe upya. Kiwanja kilichozama hakichakai, lakini thamani yake yaweza kuanguka. Asiyetenga ardhi na jengo tangu siku ya kwanza hatajua maji yamechukua nini.

Mipaka nayo huhama. Kwa miaka mingi Gatumba ilikuwa katika tarafa ya Mutimbuzi. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa 2025, Burundi ilipunguza tarafa zake kutoka 119 hadi 42. Tarafa zikiungana, madaftari huungana pia, na kilichoandikwa huku “ofisi” huenda kule kiliandikwa jengo, uzio na tangi la maji. Kenya ilipita njia hiyo mwaka 2013, mabaraza 175 ya serikali za mitaa yalipozipisha kaunti 47, na kazi ya kuhakiki mali zilizorithiwa ikaendelea kwa miaka. Mapengo ya madaftari si ya Afrika Mashariki pekee: hata Marekani, ni tamko namba 34 la GASB, bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, la mwaka 1999, lililozitaka serikali za mitaa zionyeshe barabara na madaraja yao katika mizania.

Daftari lililoandika “shule, moja” huwapa wajumbe wa baraza fahari na basi. Lililotenga kiwanja, kuta, paa na vyoo huwaonyesha paa lipi linakaribia mwisho wake kabla halijaanza kuvuja, na maji yakija, huwaambia hasara imeangukia wapi. Hapo wanaweza kubishana kwa hoja: wajenge tena pale pale, au watafute uwanja wa juu zaidi. Mhasibu hawaamulii, lakini bila mafungu yake wangekuwa wanabishana gizani.