Istilahi za Upimaji wa pH Katika Seli Hai

Katika miswada ya tafsiri za kisayansi tumeona mara kwa mara pH ikifasiriwa kuwa "kiwango cha asidi". Tafsiri hii yasomeka vizuri. Hata hivyo yapotosha. Kipimo alichokibuni Sørensen wa Denmark mwaka 1909 huenda kinyume: namba ikipanda, uasidi hupungua, na kila hatua moja ni badiliko la mara 10. Je, msomaji aambiwaye kwamba "kiwango cha asidi katika seli kimepanda kutoka 6.8 hadi 7.2" aelewe nini? Namba zasema asidi imepungua, sentensi yasema imezidi. Mwalimu akiandika hivyo ubaoni, wanafunzi watajibu mtihani kinyume, wala kosa halitakuwa lao. Twashauri alama pH iachwe kama ilivyo, na neno "uasidi" litumike pale tu unapokusudiwa ukali wenyewe.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Kwa kuwa elektrodi haiingizwi kwa urahisi ndani ya seli ndogo, wataalamu hutumia rangi maalumu. Iliyo maarufu ni BCECF, iliyoelezwa mwaka 1982 na Rink, Tsien na Pozzan, nayo ni ya ukoo wa fluoreseini aliyoitengeneza Baeyer mwaka 1871. Wafasiri huiita "rangi inayong'aa". Lakini dhahabu hung'aa, nyota hung'aa, na sufuria iliyosuguliwa hung'aa pia. "Rangi ya kimulimuli" lingekuwa jina la kupendeza, bali kimulimuli hujitengenezea nuru yake mwenyewe, ilhali rangi hii ikiachwa gizani haitoi kitu. Sharti ipokee nuru, ndipo itoe nuru nyingine: yapokea ya buluu, yatoa ya kijani. "Kuakisi" nako hakufai, maana kioo hurudisha nuru ile ile kilichopewa. Wala asili ya neno la kigeni haimsaidii mfasiri, kwani Stokes alipolitunga mwaka 1852 alilitoa katika jina la madini ya fluoriti tu. Twaona ni afadhali kukopa "fluoresensi", na darasani ielezwe kuwa ni mng'ao wa kuchochewa kwa nuru.

Isitoshe, kinachopimwa si mng'ao peke yake. BCECF humulikwa kwa mawimbi ya nanomita 490, ambapo mng'ao hufuata pH, kisha kwa nanomita 440, ambapo haubadiliki sana. Uwiano wa ming'ao hiyo miwili ndio unaotoa jibu, ili seli iliyoingiwa na rangi nyingi isidhaniwe kuwa na pH tofauti na jirani yake. Basi kazi ya rangi hii ni ile ile ya litimasi, nayo litimasi shuleni tumekwisha kuiita "kiashiria". Ya nini kubuni jina jingine?

"Kihisi" twapendekeza kihifadhiwe kwa vitu kama pHluorin ya mwaka 1998, protini ambayo seli hujitengenezea yenyewe baada ya kupewa jeni yake. Asili yake ni protini ya konyeza aitwaye Aequorea victoria. (Wako wanaoandika "samaki-jeli", kana kwamba watu wa pwani hawakupata kuwashwa na konyeza.) Mpaka kati ya kiashiria na kihisi bado haujawa imara katika matumizi, na walimu wa kemia na biolojia walio na hoja tofauti twawaomba watuandikie.