Istilahi za Ufundi: Jicho Si Kipimo

Watafsiri wengi wa maelekezo ya ufundi huvipa vitu majina kwa kufuata kinachoonekana. Mazoea hayo yana kasoro, na mashine ya mchezo wa Pac-Man, uliotolewa Japani mwaka 1980, yatosha kuidhihirisha.

Katika monita ya tyubu, mwale wa elektroni hupindwa na nguvu mbili za sumaku: moja huusogeza kwa upana wa tyubu, nyingine kwa kimo chake. Ya pili ikikoma, picha yote hubanwa kuwa mstari mmoja. Je, tuiite hitilafu hiyo "mstari wa mlalo"? Katika televisheni jina hilo litafaa. Lakini ndani ya kabati la Pac-Man tyubu imelazwa ubavu, na hitilafu ile ile huonekana kama mstari wa wima. Fundi aliyelitegemea jina ataikagua saketi iliyo nzima. Afadhali tuseme "kukoma kwa mpindo wa kimo", kwani jina hilo lataja chanzo.

Neno "kuzima" lina hatari zaidi. Kioo kikiwa giza, msomaji hudhani umeme umekwisha; kumbe tyubu ya rangi, ambayo hutumia takriban volti 20,000, huweza kuhifadhi chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Basi maelekezo hayana budi kutenga "kuzima", "kuchomoa" na "kutoa chaji". Maneno hayo si visawe. Mtafsiri akiyachanganya, atakayeumia ni fundi.